Singo, Liwa na Mafuta ya Mgando: Historia ya Ufundi wa Wanawake wa Pwani

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Pate na Lamu upande wa kaskazini hadi Kilwa upande wa kusini, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, utunzaji wa ngozi ulikuwa kwa karne nyingi kazi ya nyumbani iliyofanywa na wanawake kwa vifaa vichache: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, chungu, jiwe la kusagia na chetezo. Kwa vifaa hivyo yalipatikana mafuta ya nazi yaliyotiwa manukato. Liwa, yaani rojo la mti wa msandali uliosagwa kwa maji au kwa marashi. Dalia, yaani unga wa rangi ya manjano wenye harufu nzuri unaopakwa mwilini. Na singo, mchanganyiko wa maua, viungo na liwa unaosuguliwa mwili mzima ili kuondoa taka, kulainisha ngozi na kuacha harufu inayodumu. Vitabu vya historia ya pwani vimeandika mengi kuhusu pembe za ndovu, karafuu na biashara ya watumwa, lakini ufundi huu, ambao ulilishwa na majahazi yaleyale na kufanywa ndani ya nyumba zilezile, umeachwa kwenye kurasa za mila na harusi kana kwamba ulikuwepo tangu zamani bila kubadilika. Ufundi huu una historia yake, na sehemu yake nzito zaidi ni karne ya 19, wakati nazi na ufuta wa pwani vilipoanza kupakiwa melini vikiwa malighafi na kurudi vikiwa sabuni.

Kuoga kwenyewe kulikuwa na mahali pake maalumu katika ujenzi wa pwani. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na choo cha ndani chenye birika, yaani hodhi la maji lililojengwa kwa chokaa, ambalo katika nyumba nyingi lilijengewa bakuli la kauri la Kichina sakafuni mwake, na samaki wadogo wakawekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Misikiti ya kale, kama ile ambayo magofu yake yapo Gede na Kilwa, ilikuwa na kisima, birika la kutawadhia na mawe ya matumbawe yenye ukwaruzo yaliyopachikwa kando ili mtu asugue nyayo kabla ya kuingia kuswali. Huko Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lipo hadi leo bwawa la kuogea lenye pembe nane, ambalo linatosha kuonyesha kwamba matajiri wa mji ule hawakuona kuoga kuwa jambo la haraka la kumaliza na kuondoka.

Kabla sabuni ya kipande haijawa kitu cha kila duka, kazi ya kuondoa mafuta na jasho ilifanywa na mimea. Majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa hutoa povu yanapopigwa kwenye maji, kwa sababu yana saponini, yaani kemikali za asili za mimea zinazofanya kazi inayofanana na ya sabuni. Majani hayo yalitumika kuoshea nywele, na matumizi hayo bado yapo Oman, Yemen na katika visiwa vya Zanzibar. Kwa Waislamu yana nafasi nyingine pia, kwani maji ya mkunazi ndiyo ambayo sunna inaelekeza maiti aoshewe, na baada yake hufuata karafuu maiti, ambayo ni kafuri. Kwa kusugulia mwili lilikuwepo dodoki, tunda la mmea utambaao ambalo likikauka hubaki nyuzi tupu, na penye shida ya dodoki zilitosha nyuzi za kumbi la nazi.

Manukato, kwa upande wake, yalitoka mbali na karibu kwa pamoja. Mwandishi wa Baghdad, al-Masudi, aliyesafiri hadi pwani ya Zanj mwanzoni mwa karne ya 10, aliitaja ambari, ile nta yenye harufu inayotoka kwenye matumbo ya nyangumi na kutupwa ufukweni na mawimbi, kuwa miongoni mwa mali za pwani hii. Ibn Battuta alipopokelewa Mogadishu mwaka 1331 alimiminiwa marashi ya mawaridi kutoka Damascus, heshima ambayo hadi leo inaendelea kufanywa katika maulidi na harusi za pwani kwa chupa ndefu ya marashi, yaani mrashi. Msandali uliletwa kutoka Bara Hindi. Zafarani na maji ya mawaridi kutoka Uajemi na Oman, ambako katika milima ya Jabal Akhdar mawaridi bado hukenekwa kila mwaka. Udi uliletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki kupitia mikono ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Na ubani kutoka Dhofar na Somalia. Bustani za mjini na za shamba zilitoa asumini, mkadi, mrehani, vilua na mlangilangi. Karafuu ilichelewa kufika: miche yake ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na mwanzo wa kilimo hicho huhusishwa na Saleh bin Haramil al-Abry, tajiri wa Kiomani. Kwa hiyo singo yenye karafuu nyingi, ambayo wageni wengi hudhani ni ya kale kuliko zote, katika visiwa hivi ina umri wa karne 2 tu kwa wingi wake wa sasa.

Msingi wa yote ulikuwa mafuta ya nazi. Nazi iliyokomaa ilikunwa kwa mbuzi, machicha yakatiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa ndani ya kifumbu, yaani mfuko mrefu wa ukindu, na tui likaachwa litulie mpaka kitu kizito kikapanda juu. Tui hilo zito ndilo lililopikwa kwa moto mdogo kwa saa kadhaa, maji yakakauka, mashapo yakabadilika rangi na kuwa ya kahawia chini ya chungu, na mafuta meupe yakabaki juu. Mpishi mzoefu aliutambua wakati wa kuepua kwa sauti ya chungu, kwani maji yakiisha mchemko hunyamaza, na kwa harufu, kwani mashapo yakiungua mafuta yote huharibika. Baada ya kuchujwa, mafuta yalitiwa asumini au vilua yakiwa bado na joto, maua ya zamani yakatolewa na mapya yakatiwa kwa siku kadhaa mfululizo, mpaka mafuta yakanywa harufu.

Mafuta ya nazi yana tabia moja iliyowafundisha watu wa pwani mengi kuhusu vitu vya mgando. Huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 au 25 za Selsiasi, na kwa hiyo katika miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, chupa huamka asubuhi ikiwa nyeupe na nzito na kufikia adhuhuri huwa imeyeyuka. Waliotaka mafuta yasiyomwagika safarini walilazimika kuyachanganya na kitu kigumu zaidi, na nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ndiyo inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko zote: sehemu 1 ya nta kwa sehemu 3 au 4 za mafuta hutoa mgando unaokaa kwenye kopo hata wakati wa kaskazi na bado ukalainika kwa joto la kidole. Bara, ambako minazi haistawi, kazi ileile ilifanywa na mafuta mengine: Wamaasai walipaka mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na udongo mwekundu, jamii za wafugaji wa Rwanda na Burundi zilitumia samli ya ng'ombe, kaskazini mwa Uganda wanawake walikamua mafuta ya mshea wa huko, ambao mafuta yake ni laini kuliko ya mshea wa Afrika Magharibi, na kando ya Ziwa Tanganyika yalitumika mawese.

Singo ndiyo kilele cha ufundi huu, na inastahili kutazamwa hatua kwa hatua. Maua hukusanywa jioni, wakati asumini inapoanza kufunguka, na huanikwa kivulini juu ya ungo kwa sababu jua kali huondoa harufu kabla halijaondoa maji. Yakishakauka huchanganywa na mawaridi, mkadi uliokatwa vipande, karafuu na mrehani, kisha mchanganyiko hunyunyiziwa marashi na kufunikwa ili harufu ziingiliane. Nyumba nyingine huongeza manjano, nyingine huyakwepa kwa kuwa huacha rangi kwenye nguo. Hatua inayofuata ni ya jiwe. Gogo dogo la msandali husuguliwa kwa mzunguko juu ya jiwe lililoloweshwa marashi mpaka litoe liwa nyepesi yenye rangi ya maziwa, kazi inayochosha mkono na kutoa vijiko vichache tu kwa muda mrefu, na baada ya hapo maua na viungo husagwa juu ya jiwe hilohilo pamoja na liwa, kidogo kidogo, mpaka hakuna chembe inayokwaruza. Rojo linalopatikana hufinyangwa madonge, hufukizwa udi juu ya chetezo na kukaushwa. Donge likikauka huhifadhiwa kwenye kopo lenye kifuniko, na siku ya kutumika hulainishwa tena kwa marashi au kwa mafuta ya nazi.

Ukavu huo wa mwisho una maana kubwa kwa mwanahistoria. Rojo bichi la maua huharibika upesi katika joto la pwani, na donge kavu linaweza kusafiri. Kwa hiyo singo iliweza kufungwa pamoja na zawadi za harusi na kuvuka kutoka Pemba kwenda Mombasa au Muscat. Udugu wa ufundi huu unaonekana pia katika visiwa vya Komoro na Mayotte, ambako wanawake husaga msandali juu ya jiwe la tumbawe na kujipaka usoni rojo linaloitwa msindzano, ambalo huonekana hadharani sokoni na katika sherehe, tofauti na liwa ya Zanzibar ambayo zaidi ni ya ndani.

Mwenye elimu hii alikuwa kungwi, ambaye sehemu nyingine huitwa somo: mwanamke mzima aliyekabidhiwa msichana tangu kuvunja ungo ili amfundishe usafi, adabu na maisha ya ndoa. Kabla ya harusi bwana harusi hakumwona mwari wake, kwani mwari aliwekwa ndani kwa siku kadhaa, akasingwa asubuhi na jioni, akapakwa hina mikononi na miguuni, na nywele zake zikatiwa mafuta na kufukizwa. Kungwi alijua ngozi ipi inawashwa na karafuu na hivyo ipunguziwe, ngozi ipi kavu na hivyo mafuta yaongezwe, na ni lini msuguo uache kuwa faida ukawa madhara. Elimu hiyo haikuandikwa, lakini kwamba ilithaminiwa na watu wenye kalamu ni jambo lisilo na shaka: Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, aliweka kuoga, kujisinga, kutunga asumini, hina na wanja miongoni mwa wasia wa mama aliyekuwa akikaribia kufa. Karibu nusu karne baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza kwa urefu unyago, harusi na mapambo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 na Carl Velten, na ambacho hadi leo hakina mpinzani kwa undani wake kuhusu maisha ya Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Zanzibar.

Hata hivyo ufundi huu ulikuwa na upande wa jasho ambao sifa za harusi huuficha. Kusaga liwa ya kutosha mwili mzima kwa siku saba ni kazi ya mikono mingi, na katika nyumba za matajiri wa karne ya 19 mikono hiyo ilikuwa ya wajakazi. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Bet il Mtoni nje ya mji wa Zanzibar na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi nyumba za kuogea za jumba lile zilivyokuwa na shughuli usiku na mchana, na jinsi wanawake wa nyumba ya kifalme walivyohudumiwa na watumwa katika kila hatua ya kuoga na kujipamba. Baba yake, Sultani Seyyid Said wa Oman na Zanzibar, alijenga hamamu za Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, zenye mapambo ya chokaa yaliyofinyangwa kwa mtindo wa Uajemi, na ndugu yake Salme, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu za Hamamni katikati ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa umma kwa jumla, zenye chumba cha kubadilishia nguo, vyumba vya joto na mifereji ya moto chini ya sakafu. Hamamni zilifanya kazi hadi karibu mwaka 1920. Aliyelipa aliingia, lakini singo ya mwari haikuhama kutoka nyumbani kwenda hamamuni, na hilo linaonyesha wazi kwamba wenye mila hii waliijua tofauti kati ya kuoga na kusingwa.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Wanawake wengi waliokuwa wakisaga kwa ajili ya bibi zao walitoka na elimu ile mikononi, wakajisingia wenyewe, wakawasinga binti zao, na baadhi yao wakawa makungwi wa mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Kusambaa kwa singo kutoka majumba ya mawe hadi nyumba za makuti ni sehemu ya historia ya uhuru wa watu hao, na inafaa isomwe hivyo pamoja na historia ya kanga na ya taarabu.

Wakati huohuo bahari ilikuwa imekwisha kufungua mlango mwingine. Kusini mwa Ufaransa, katika mji wa Marseille, sabuni ilikuwa imetengenezwa kwa karne nyingi kutokana na mafuta ya zeituni, na amri ya mwaka 1688, iliyotolewa chini ya mfalme Louis wa 14, ilikataza mafuta mengine yoyote. Katika karne ya 19 mambo yalibadilika: soda ilianza kutengenezwa viwandani kutokana na chumvi kwa njia iliyogunduliwa na Nicolas Leblanc, mahitaji ya sabuni yakapanda pamoja na miji na viwanda vya nguo, na zeituni hazikutosha. Watengenezaji wa Marseille waligeukia ufuta, karanga, mawese na nazi. Ufaransa ilifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1844, baada ya Marekani mwaka 1833 na Uingereza mwaka 1839, na meli za wafanyabiashara wa Marseille zikawa wageni wa kawaida wa bandari ya Zanzibar, zikipakia ufuta na mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa.

Sababu ya kuitaka nazi ni ya kikemia. Sabuni hupatikana mafuta yanapokutana na magadi makali au kostiki soda, ambapo asidi za mafuta huungana na sodiamu na gliserini hubaki pembeni. Kila aina ya mafuta hutoa sabuni yenye tabia yake, na ya nazi hutoa sabuni ngumu, nyeupe, yenye povu jingi ambalo halikatiki hata kwenye maji ya bahari, kiasi kwamba mabaharia waliipendelea kuliko nyingine zote. Watu wa pwani walikuwa na mafuta hayo kwa wingi. Kilichokosekana ni soda kali iliyo safi, kwa kuwa majivu ya migomba na ya makumbi hutoa potasi, na potasi hutoa sabuni laini isiyoshika umbo. Pengo hilo dogo la kitaalamu liliamua mengi: aliyekuwa na soda ndiye aliyepata faida ya sabuni, na aliyekuwa na mnazi aliuza mbata.

Faida ya mashamba nayo ilitoka mgongoni mwa watumwa. Malindi ilipofufuliwa kuanzia miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa, na sehemu ya ufuta huo ilikwenda kusafisha mikono na nguo za Ulaya. Kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu mingi na minazi ya Unguja huku Pemba ikinusurika, hakikuukata uhusiano huo. Mbata iliendelea kuwa bidhaa ya pili ya visiwa baada ya karafuu kwa miongo mingi. Marobota ya mbata yalipotoka, makasha ya sabuni ya miche, yaani vipande virefu vinavyokatwa dukani kwa kipimo cha mnunuzi, yaliingia. Bei aliyolipa mwanamke wa Ng'ambo kwa kipande cha sabuni ilikuwa na ndani yake nazi ya jirani yake, nauli ya kwenda na kurudi, soda ya Ulaya na faida ya watu watatu au wanne. Mpango huo haukuwa wa haki, na hakuna maelezo ya kiuchumi yanayoweza kuufanya uwe wa haki.

Sabuni ya kiwandani ilishinda upesi katika kufua na kuoga kwa kila siku, na ilistahili kushinda, kwani ni rahisi na inaondoa uchafu. Mafuta ya kupaka yalifuata njia kama hiyo. Robert Chesebrough wa Marekani alipata hataza ya Vaseline mwaka 1872, nayo ni mafuta ya mgando yanayotokana na mafuta ghafi ya petroli. Hayaingii ndani ya ngozi, bali huifunika na kuzuia maji yake yasitoke. Yalipofika pwani yalikuwa na sifa mbili ambazo mafuta ya nazi hayana: hayachachi hata yakikaa mwaka, na hayayeyuki dukani. Jina la mafuta ya mgando, ambalo leo hutumika Tanzania nzima kwa kila kopo la aina hiyo, lilishikamana nayo kiasi kwamba vijana wengi hawajui kuwa mgando wa nta na nazi ulikuwepo na bado unaweza kupikwa jikoni kwa nusu saa.

Pigo lililoumiza zaidi lilitoka kwenye krimu za kung'arisha ngozi. Mwaka 1972 madaktari waliofanya kazi Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal utafiti uliouhusisha ugonjwa wa figo wa wagonjwa wao watu wazima na krimu za namna hiyo zilizokuwa na zebaki. Baadaye ikaongezeka haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, na Kenya na Tanzania zikapiga marufuku vipodozi vyenye kemikali hizo. Hata hivyo viliendelea kuingia kwa magendo na kuchanganywa majumbani kuwa mkorogo. Mkorogo hutengenezwa nyumbani, hukorogwa na wanawake na hufundishwa kwa mdomo, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu huuweka kapu moja na singo. Kufanya hivyo ni kosa kubwa. Kungwi aliyesaga liwa alikijua kila kitu kilichoingia katika jiwe lake na mti uliokitoa. Mkorogaji wa leo humimina vimiminika ambavyo hata lebo zake ni za uongo. Lengo la singo lilikuwa ngozi safi, laini na yenye harufu nzuri katika rangi yake yenyewe.

Malighafi nazo zimepata misukosuko. Msandali wa Afrika Mashariki, ambao kitaalamu huitwa Osyris lanceolata, ulivunwa kwa pupa kwa ajili ya mafuta yake mpaka Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 miti ya eneo hili ikaingizwa katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Liwa ya kweli imekuwa ghali, na sokoni huuzwa unga wa mbao nyingine uliotiwa manukato ya viwandani. Upande wa karafuu habari ni njema zaidi: makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, hukenekwa katika kiwanda cha Wawi, Pemba, na mafuta yake yana eujenoli, ambayo hupunguza vijidudu na maumivu.

Mlango wa faida ya sabuni, uliofungwa na Marseille, umeanza kufunguliwa tena mahali pasipotarajiwa. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wake, ambao wengi mno ni wanawake, waliuza mwani mkavu kwa bei ya chini kwa wanunuzi wa nje waliotoa humo karajini, kizito kinachotumika katika vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Bahari ilipozidi kupata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri ilianza kufa katika maeneo mengi. Tangu mwaka 2006, kwa juhudi zilizoongozwa na mtafiti Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, vikundi vya wanawake vimefundishwa kuusaga mwani na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi pamoja na karafuu au mchaichai. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 180 za kostiki soda. Soda humiminwa kwenye maji, wala maji hayamiminwi kwenye soda, kwa sababu joto lake linaweza kurusha na kuunguza macho. Mchanganyiko hukorogwa mpaka ushike, humiminwa katika ukungu wa mbao, hukatwa na kuachwa kwa wiki 4 hadi 6 ili ukomae. Sabuni moja ya namna hiyo inayouzwa kwa mgeni mjini huleta pesa nyingi kuliko kilo nzima ya mwani mkavu.

Jambo ambalo lingeweza kuwapa vikundi hivyo nguvu kubwa zaidi bado halijafanywa ipasavyo. Mapishi ya singo, dalia na mafuta ya maua yamo vichwani mwa makungwi ambao wengi wao ni wazee, na kila mmoja wao anapofariki huondoka na vipimo, majina ya maua ya mtaa wake na sababu za kila hatua. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, makumbusho ya Lamu, Mombasa na Bagamoyo, na idara za Kiswahili na historia za vyuo vikuu vya eneo hili zinapaswa kwenda kwa wazee hao sasa, na wasomaji wenye nyanya au shangazi mwenye elimu hii wasingoje idara yoyote: wakae naye jiweni, waandike vipimo anavyovitoa kwa mkono wake, na jina lake waliweke juu ya kila pishi, kabla jina la kampuni fulani halijawekwa hapo.